Hicho Sicho Alichosema

Mimi naitwa Ester, Mgogo wa Zuzu, Dodoma, na kwa miaka tisa nimekuwa karani katika baraza moja la ardhi mkoani kwetu. Ni lipi, sitalitaja. Nasimulia habari za Kuluthumu kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu siku ile alipofungua mdomo wake mimi niliufunga wangu.

Kuluthumu alikuwa mfagiaji wetu. Aliajiriwa na kampuni ya usafi, si na baraza, kwa hiyo hata kwenye orodha ya chai ya saa nne hakuwemo. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na alifunga kanga juu ya ovaroli ya kampuni kwa sababu alisema nguo ile ina sura ya mfungwa. Kwao ni upande wa Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, kwenye ukoo wa Wasandawe waliosilimu tangu enzi za babu zao. Aliolewa na seremala wa Kirangi aliyemleta mjini, akafiwa naye, akabaki mtaa wa Nkuhungu na binti zake wawili. Hayo yote niliyajua baadaye. Kwa miaka minne tuliyofanya kazi jengo moja nilijua jina lake tu.

Na nilijua mzaha wake. Yaani mzaha wetu juu yake. Kisandawe kina vidoko, ile milio ya ulimi inayogongwa mdomoni katikati ya neno, na watu wa ofisini waliona ni kitu cha kuchekesha. "Kulu, hebu gonga kidogo," walikuwa wakimwambia anapopita na ndoo. Yeye alipita tu. Baadaye sana aliniambia kwamba alipokuwa darasa la tatu watoto wenzake walimpa karanga ili aseme maneno ya kwao, naye alisema, kwa sababu alikuwa na njaa. Akala karanga huku wanacheka. "Tangu hapo," alisema, "sijawahi kusema lugha ya kwetu ili mtu mwingine astarehe."

Sasa niseme kuhusu Jumanne ile ya mwezi wa pili.

Shauri lilikuwa la Mzee Optatus, Msandawe, mkulima, aliyedai shamba lake kutoka kwa mfanyabiashara wa alizeti aitwaye Nikolaus. Mzee aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Katekista wa kijijini kwao ndiye aliyemwandikia malalamiko. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Kilimtosha kununua chumvi na kuitikia sala, lakini si kujibu maswali ya mtu aliyekaa juu ya jukwaa. Mwenyekiti alimuuliza, "Mzee, shamba hili ulimpa mdaiwa au hukumpa?" Mzee alianza vizuri, akakwama, akaanza tena, akakwama. Kisha akageukia lugha yake.

Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma alicheka. Sikumwona ni nani, ila nilimsikia akiigiza vidoko kwa ulimi wake, na wengine wakacheka naye. Mwenyekiti hakuwanyamazisha.

"Hatuna mkalimani," mwenyekiti alisema.

Nikolaus akasimama, mpole kabisa. "Mheshimiwa, huyu mpwa wangu mama yake ni Msandawe. Anaweza kutusaidia."

"Basi atusaidie, tusipoteze muda."

Naomba msomaji arudie sentensi hiyo. Mpwa wa mdaiwa ndiye aliyepewa kazi ya kutafsiri maneno ya mdai. Hakuapishwa. Hakuulizwa hata jina lake kamili. Nami niliyekuwa na karatasi ya kiapo kwenye droo, umbali wa mkono mmoja, sikuitoa.

Mzee Optatus alisema kwa muda mrefu. Naweza kukisia dakika nne. Alionyesha vidole vitatu. Alielekeza mkono chini, kama mtu anayeonyesha udongo. Aliweka kiganja kifuani akataja watu, maana majina yanajulikana hata katika lugha usiyoijua. Alipomaliza alijipangusa uso kwa kitambaa, akaketi, akiwa na sura ya mtu aliyetua mzigo.

Mpwa akasema, "Anasema alimpa."

Mwenyekiti akaandika. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mheshimiwa."

Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na Kuluthumu alikuwa upande wa nje akifuta vioo. Nilimwona akiacha kufuta. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia na kitambaa kinachodondosha maji mkononi, akasimama katikati ya chumba ambacho hakuwahi kukiingia watu wakiwa ndani.

"Mheshimiwa, samahani. Hicho sicho alichosema."

Mwenyekiti alivua miwani. "Wewe ni nani?"

"Mimi nafagia hapa."

"Rudi ukafagie."

"Nitarudi. Lakini mzee amesema alimpa alime mvua tatu, kwa sababu mwanawe alikuwa amelazwa na yeye mwenyewe hakuwa na nguvu. Mvua tatu zikiisha, arudishiwe. Amesema mashahidi wapo, akawataja wawili. Huyu hakumtaja hata mmoja." Akamgeukia mpwa. "Mama yako angekusikia leo, ungemtazama vipi?"

Kijana yule aliinamisha kichwa. Nikolaus akapaza sauti kwamba huku ni kuingilia shauri. Mwenyekiti akaniangalia mimi.

"Karani, hili lisiandikwe."

Nami nikasema, "Sawa, Mheshimiwa."

Kabla ya adhuhuri msimamizi wa kampuni ya usafi alikuwa amefika. Kuluthumu alivua ovaroli pale pale ukumbini, akabaki na gauni lake na kanga, akamkabidhi. Hakulia wala hakubishana. Alimfuata Mzee Optatus, ambaye alikuwa bado amekaa kwenye ngazi za nje akila muhogo, ametulia.

Nilisikia mazungumzo yao kwa kuona tu, maana walisema kwa lugha yao. Baadaye Kuluthumu alinieleza. Mzee alimwambia, "Nimewaeleza yote, na wamenisikiliza. Hata hawakunikatiza." Ikabidi yeye, mtu aliyefukuzwa kazi dakika kumi zilizopita, amweleze mzee yule kwamba maneno yake yote, mtoto aliyelazwa, mvua tatu, mashahidi wawili, yamegeuzwa kuwa maneno mawili ya mtu mwingine. Niliona jinsi muhogo ulivyobaki mkononi mwa mzee bila kupelekwa mdomoni.

Hukumu ilisomwa mwezi wa nne. Ilisema mdai mwenyewe amekiri kutoa shamba. Niliichapa mimi. Neno "amekiri" nililichapa kwa vidole hivi.

Kuna siku arobaini na tano za kukata rufaa. Hilo limeandikwa mwisho wa hukumu, kwa Kiswahili cha kisheria ambacho hata mimi hukisoma mara mbili. Mzee alipewa nakala, akaikunja, akarudi kijijini akiamini ni karatasi ya kumwambia lini aje tena. Kama si Kuluthumu kupanda basi kumfuata mpaka kwao, siku hizo zingeisha zikiwa zimekunjwa mfukoni mwa koti, na kila mmoja wetu ofisini angesema mzee hakukata rufaa kwa kuwa alijua hana haki. Tumesema hivyo juu ya watu wangapi? Nimejaribu kuhesabu nikashindwa, na aibu ndiyo iliyonishinda.

Wakati huo Kuluthumu alikuwa ameanza kitu Nkuhungu. Hakukiita shirika. Ruthu, fundi cherehani wa Kigogo na mwanakwaya wa Anglikana, alikuwa na chumba cha biashara chenye kiti kimoja cha ziada. Wanawake walikuwa wakija kushonewa na kueleza shida zao, na Ruthu aligundua kwamba nyingi zilianzia mahali pamoja: mtu alisema jambo, ofisa akaandika jingine. Bibi mmoja wa Kigogo alikuwa ameweka dole gumba kwenye karatasi hospitalini akidhani ni ya kupokea dawa, kumbe ni ya kukubali kupasuliwa. Hakuna aliyempasua kwa ubaya. Hakuna tu aliyejisumbua kumwambia.

Wa tatu alikuwa Nikodemo, Mbarbaig, mlinzi wa ghala la nafaka, mtu mrefu asiyependa kukaa. Yeye alikuwa akiwasindikiza wafugaji wenzake polisi pale ng'ombe wanapoingia mashambani, kwa sababu alikuwa ameona maelezo yakisomwa mbio mbio kwa Kiswahili na mtu akiambiwa aweke dole kwenye mambo asiyoyajua.

Wakawa wanaenda na watu. Ni hivyo tu. Mtu ana shauri, ana kliniki, ana kikao cha kijiji, mmoja wao anakwenda naye, anasikiliza, anatafsiri. Ruthu alikata ubao wa boksi akaandika kwa chaki ya cherehani: ALICHOSEMA. Likawa jina lao. Kuluthumu alikuwa na sharti moja, na alilisimamia kwa ukali: hatumsemei mtu, tunasema alichosema, chote, hata kikimharibia. Kuna mfugaji aliyekiri kwa Kibarbaig kwamba ndiyo, aliwaachia ng'ombe makusudi. Nikodemo alitafsiri hayo neno kwa neno mbele ya askari. Ndugu wa mfugaji hawakusema naye kwa mwezi mzima.

Na wapo watu wa mtaani waliokasirika pia. Kaka yake Ruthu alikuwa ameliwa uwele wake wote na ng'ombe wa Wabarbaig msimu uliopita. Alifika dukani akasimama mlangoni.

"Dada, unakaa chumba kimoja na hawa? Waliotulisha njaa?"

"Nakaa nao," Ruthu alijibu, mguu bado uko kwenye cherehani. "Kesi yako uliposhinda, nani alitafsiri yule mfugaji aliposema ni kweli ng'ombe ni wake?"

Kaka aliondoka mlangoni. Aliyetafsiri alikuwa Nikodemo. Kaka hakuomba radhi, wala hakurudi kulalamika.

Basi, kwa ajili ya rufaa ya Mzee Optatus walimpata wakili aitwaye Ludovick, aliyekubali kuwasaidia bila malipo ingawa majalada yake mengine yalijaa hadi kwenye kiti cha wageni. Alisoma mwenendo wa shauri akawaambia ukweli. "Kwenye karatasi hakuna kitu. Hakuna mpwa, hakuna mfagiaji, hakuna kicheko. Imeandikwa 'kwa msaada wa mkalimani' na basi. Nani alikuwepo atakayekula kiapo?"

Ndipo Kuluthumu akaja kwangu Zuzu, Jumapili mchana, nikiwa nachambua mlenda uani. Alinisalimu, akakaa kwenye kigoda nilichompa.

"Sijaja kukulaumu," alisema.

Angenilaumu ningepumua. Nilimwambia mimi sijui Kisandawe, kwa hiyo sina la kusaidia. Nililiandaa jibu hilo wiki nzima, maana nilijua atakuja.

"Sikuombi useme alichosema mzee. Hilo nitalisema mimi. Useme ulichoona. Mkalimani aliapishwa?"

"Hapana."

"Ni ndugu wa nani?"

"Wa Nikolaus."

"Mzee alisema muda gani, na mpwa alisema maneno mangapi?"

Nilizidi kuchambua mlenda.

"Na mwenyekiti alikuambia nini nilipoingia?"

"Kuluthumu, nitapoteza kazi."

Hapo uso wake ulibadilika. "Mimi nilipoteza ya kwangu mchana ule ule, Ester, nawe ulinitazama nikivua ovaroli. Una barua ya ajira ya kudumu, una chama cha wafanyakazi, una bima. Mimi nilikuwa na kitambaa chenye maji. Kati yetu sisi wawili nani alikuwa na nafasi ya kusema?"

Nilimletea maji. Akanywa, akanishukuru kwa kigoda, akaondoka. Siku mbili sikulala vizuri wala kula vizuri. Siku ya tatu nilikwenda ofisini kwa Ludovick, nikaapa mbele ya kamishna wa viapo, nikaeleza yote, pamoja na lile agizo la kutoandika na lile "Sawa, Mheshimiwa" langu. Ludovick aliniuliza kama nataka hilo la mwisho liondolewe, kwa kuwa halihitajiki. Nikamwambia aliache.

Rufaa iliingia zikiwa zimebaki siku nne. Nami tangu siku hiyo nikawa napita kwa Ruthu kila nikitoka kazini.

Baada ya hapo habari zilienea. Mwezi wa saba likaja shirika moja kubwa, lenye jengo la vioo na magari meupe. Jina lake silitaji kwa sababu wao wana mawakili saba na sisi tuna Ludovick. Ofisa wao, Sabrina, alikuwa mwanamke mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni mwa duka la Ruthu, akasema, "Shikamooni," akasifu kila kitu. Alisema wafadhili wao wanatafuta vikundi vidogo kama hiki, vya chini kabisa, vinavyopigania haki. Kuluthumu alifurahi. Nilimwona akifurahi, na ndiyo maana bado nina hasira.

Kisha masharti yakaanza kutoka kwenye begi. Cheti cha usajili. Hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, kwa kikundi chenye miezi mitano. Andiko la mradi, kurasa ishirini, kwa Kiingereza.

"Na kundi lengwa liwe moja," Sabrina alisema. "Mfadhili anavutiwa na Wasandawe. Ni jamii ya kipekee. Tukichanganya na Wagogo na wafugaji, andiko linapoteza mwelekeo."

"Kwa hiyo Nikodemo aende wapi?" Kuluthumu aliuliza.

"Wanaweza kuanzisha cha kwao."

"Dada, huko polisi wanakaa benchi moja. Mwenye shamba na mwenye ng'ombe. Nimtafsirie mmoja nimwache mwingine, hiyo ndiyo haki yenu?"

Sabrina alisema anaelewa kabisa, ila si yeye anayepanga. Kuluthumu alikataa. Walipiga picha kadhaa za kumbukumbu, moja ikiwa ya Kuluthumu na Mzee Optatus, aliyekuwa amekuja mjini kumwona wakili. Hakuna aliyemuuliza mzee. Wakaondoka.

Mwezi wa tisa tulialikwa kwenye warsha yao katika hoteli moja mjini Dodoma. Mada ilikuwa haki ya lugha kwa jamii zilizo pembezoni. Nilikwenda na Kuluthumu, Ruthu na Nikodemo; tukapewa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni na chupa za maji. Mbele ya ukumbi palikuwa na bango la urefu wa mtu. Juu yake, Mzee Optatus na Kuluthumu. Chini yao, nembo ya shirika, na maneno makubwa: WANUFAIKA WETU.

Kuluthumu aliliangalia bango lile kwa muda mrefu. "Tumenufaika na nini?" alimuuliza Ruthu kwa sauti ya chini. "Wewe uliona?"

Warsha ikaanza, na ilikuwa kwa Kiingereza. Yote. Ukumbi mzima wa Watanzania, pamoja na wazungu watatu wa mbele, na kila mzungumzaji anasimama anasema Kiingereza kuhusu watu wasiosikilizwa kwa sababu ya lugha. Kuluthumu aliinua mkono, akaomba kwa Kiswahili, kwa heshima, kama kuna wa kututafsiria. Mwendesha warsha akatabasamu. "Mama, usijali, utapewa muhtasari baadaye."

Nilimjua vya kutosha kuona mkono wake ukisimama ghafla, kama ulivyoacha kufuta kioo siku ile dirishani. Alisimama, akatembea mpaka mbele, akachukua kipaza sauti kilichokuwa mezani, akaanza kusema Kisandawe.

Mwanzoni kuna waliocheka kidogo, kile kicheko ninachokijua. Mmoja akainua simu kurekodi. Yeye aliendelea. Alisema polepole, akimtazama kila mtu kwa zamu, akaonyesha bango, akajionyesha mwenyewe, akataja jina la Mzee Optatus mara mbili. Kicheko kiliisha. Wazungu wa mbele waliwageukia wenyeji wao, na wenyeji waligeukiana. Dakika kama tatu watu themanini walikaa bila kujua wanaambiwa nini, na walilazimika kukaa hivyo.

Alipomaliza, Sabrina alisogea, uso umemwiva. "Mama Kuluthumu, umesema nini?"

"Utapewa muhtasari baadaye."

Akaling'oa lile bango kwenye kisimamio chake, akalikunja, akalibeba kwapani kama mkeka, akatoka. Tukamfuata. Nikodemo alirudi kuchukua chupa zetu za maji, akisema za nini kuwaachia.

Wiki zilizofuata tulisikia kwamba kikundi cha Nkuhungu ni cha watu wakorofi, kisichojua kushirikiana na wadau. Shirika lingine dogo lililokuwa limeahidi kutusajilia kikundi likaacha kupokea simu. Nilikuwa nimehamishiwa chumba cha majalada ya zamani, ghorofa ya chini, bila barua ya sababu. Hayo yote yalifanyika kwa upole sana. Hakuna aliyepiga kelele. Nimejifunza kwamba katika nchi hii mtu anaweza kukanyagwa na watu wanaosema tafadhali.

Lakini mlango wa Ruthu haukufungwa, na sababu si wafadhili. Muuza maharage wa Kirangi wa jirani alibomoa ukuta wa mbao kati ya duka lake na la Ruthu, akawapa nusu ya chumba chake, kwa kuwa mama yake alisindikizwa kliniki na Kuluthumu. Mwalimu mstaafu wa Chamwino alijitolea Jumatano kuandika barua. Katekista wa Mzee Optatus alileta wanawake wawili wa kujifunza kutafsiri, na ostadhi wa msikiti wa Kuluthumu akaleta watatu. Kaka yake Ruthu, yule wa uwele, alileta benchi alilolitengeneza mwenyewe. Aliliweka chini, akaondoka. Kama kuna mtu anasoma hapa na anauliza kikundi kidogo kinasaidiwaje, nadhani huanza hivyo: muulize kinahitaji nini, kisha nyamaza usikie jibu.

Uamuzi wa rufaa ulitoka mwezi wa kumi na moja. Jaji alifuta mwenendo wote na hukumu, akasema mkalimani asiyeapishwa, tena ndugu wa upande mmoja, si mkalimani. Akaagiza shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine. Safari hii aliapishwa muuguzi wa Kisandawe asiyemjua yeyote kati yao. Mzee Optatus alivaa shati lile lile. Alisema kwa dakika nne, na muuguzi akatafsiri kwa dakika nne. Mashahidi wake wawili walikuja. Alishinda.

Nilitaka kuishia hapo, lakini si kweli kwamba iliishia hapo. Mzee aliporudi shambani alikuta Nikolaus amekata kila mti, hata ule mpaka wa miti ya mikwata alioupanda na marehemu mkewe, na kuuza mkaa. Mvua mbili zilikuwa zimempita. Hakuna karatasi iliyomrudishia hizo. Mwenyekiti wa kwanza alihamishwa kwenda kituo kikubwa zaidi. Mpwa wa Nikolaus hakuulizwa chochote. Kampuni ya usafi haikumrudisha Kuluthumu kazini, wala kumwandikia hata mstari.

Nilimuuliza, tukiwa tumekaa kwenye lile benchi, kama sasa ameridhika angalau kidogo.

"Niridhike na nini?" Alinigeukia kwa ukali nikarudi nyuma. "Mtu ametumia mwaka mzima, wakili, jaji, na kiapo chako, ili watu wasikie sentensi moja aliyoisema siku ya kwanza. Sentensi moja, Ester! Na huyo ni mmoja aliyebahatika nikawa nafuta dirisha. Je, chumba ambacho madirisha yake yamefungwa?"

Nikodemo aliingia wakati huo na mama mmoja wa Kibarbaig mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa ameitwa ofisi ya kata kwa habari ya mipaka, na barua aliyokuwa nayo alikuwa ameishika kichwa chini. Kuluthumu alimkaribisha, akampa maji, akamwomba Nikodemo amuulize yeye mwenyewe anataka kusema nini huko.

Mama alianza kueleza, Nikodemo akitafsiri. Nilichukua daftari, nikaandika.